Kupima metfomini kwa HPLC bila vioanishi vya ioni: hatua kwa hatua

HPLC ni mashine inayotenganisha kemikali kwa kuzisukuma kwa shinikizo kupita kwenye mrija uitwao kolamu. Aliyewahi kurithi kolamu ya C18 (yenye minyororo ya mafuta ndani) iliyopitishiwa kioanishi cha ioni kiitwacho sodiamu heptanisulfoneti kwa miezi kadhaa anaijua adha yake. Unaiosha asubuhi, unaiosha tena jioni, kesho ukiweka dawa nyingine kama amlodipini inatoka muda wake wenyewe, si ule ulioandikwa kwenye daftari. Kemikali ile imeshajishika humo ndani na haitoki yote. Kuanzia hapo kolamu hiyo ni ya kazi moja tu hadi ife.

Kwa miaka mingi metfomini, dawa ya kisukari, imekuwa ikitusukuma kwenye njia hiyo. Utaratibu wa Farmakopia ya Marekani, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, kwa vidonge vyake umekuwa ukitumia bafa (myeyusho unaoshikilia pH) yenye heptanisulfoneti kwenye C18, nasi tukaufuata bila kuuliza. Unafanya kazi, sikatai. Lakini kolamu huchukua saa nyingi kutulia, muda wa kutoka hubadilika joto likibadilika kidogo, kemikali yenyewe ni ghali, na ukitaka siku moja kuunganisha na spektrometa ya uzito, vioanishi hivi huchafua mashine na kuzima ishara ya dawa unayoitafuta.

Ninayoeleza hapa ni njia ya HILIC, yaani kolamu inayoshika vitu vinavyopenda maji, jina ambalo mkemia Andrew Alpert aliipa mwaka 1990. Nitatumia metfomini haidrokloridi ya miligramu 500 kama mfano. Ukiielewa kwa dawa hii, utaweza kuigeuza kwa dawa nyingine zinazopenda maji.

Hatua ya 1: Ijue dawa kabla hujagusa mashine

Metfomini ni molekuli ndogo, uzito wake 129.2 ikiwa peke yake na 165.6 ikiwa chumvi ya haidrokloridi. pKa yake ya juu, yaani pH ambayo nusu ya molekuli hupoteza chaji, ni karibu 12.4. Maana yake, katika pH yoyote ambayo kolamu ya silika inavumilia, dawa hii inabeba chaji chanya. Huwezi kuizima chaji hiyo kwa kupandisha pH, silika itayeyuka kabla hujafika. Ndiyo sababu C18 haiishiki: inapita moja kwa moja na kutoka pamoja na uchafu wote wa mwanzo. Kioanishi cha ioni kilikuja kuifunika chaji ile kwa mkia wa mafuta ili C18 ipate pa kushika.

HILIC inakwenda upande wa pili. Badala ya kuilazimisha dawa ipende mafuta, unaiwekea kolamu inayopenda maji. Juu ya silika hujengeka utando mwembamba wa maji, na dawa inayopenda maji huzama humo na kuchelewa. Kinachopita kwenye kolamu kina asetonitraili nyingi na maji kidogo. Kwa hiyo hapa maji ndiyo yenye nguvu ya kusukuma dawa itoke, na asetonitraili ndiyo inayoichelewesha. Ni kinyume kabisa cha C18. Karibu kila kosa nililowahi kuliona kwenye HILIC, yangu yakiwemo, lilitokana na mtu kusahau jambo hili moja.

Angalia pia lebo ya vidonge. Miligramu 500 ni za metfomini haidrokloridi, sawa na takribani miligramu 390 za metfomini yenyewe. Stendadi yako (dawa safi ya kulinganishia) ikiwa ni ya haidrokloridi, huna cha kubadilisha katika hesabu.

Na kama unachotaka ni kiasi cha dawa tu katika kidonge cha kawaida, huenda huhitaji HPLC. Farmakopia ya Uingereza imekuwa ikipima vidonge hivi kwa urujuanimno kwenye nanomita 232, ikitumia thamani ya ufyonzaji wa mwanga ya 798 kwa myeyusho wa asilimia 1 katika sentimita 1. HPLC inakuja pale unapotaka kutenganisha: kuiona sayanoguanidini, mabaki ya kiwandani, au kufuatilia dawa inavyoharibika stoo.

Hatua ya 2: Chagua kolamu

Njia zisizo na vioanishi ni mbili kuu. Ya kwanza ni kolamu ya kubadilishana ioni chanya, ambayo Farmakopia ya Ulaya inaitumia kutafuta sayanoguanidini: amoniamu dihaidrojeni fosfeti gramu 17 kwa lita, pH 3.0, ditekta kwenye nanomita 218. Haina asetonitraili hata tone. Waliokuwa maabara mwaka 2008 na 2009, asetonitraili ilipoadimika duniani, wataona uzuri wake. Kama kazi yako ni kuthibitisha kwamba sayanoguanidini haizidi kikomo cha asilimia 0.02, fuata hiyo na usihangaike.

Ya pili ni HILIC, nami naipendelea kwa kazi za kila siku kwa sababu kolamu ileile inabeba dawa nyingi na chumvi zake hupeperuka kwenye spektrometa ya uzito. Anza na silika tupu, milimita 150 kwa 4.6, chembe za mikromita 5. Kolamu zenye amidi nazo ni nzuri na kilele chake (mwinuko unaochorwa dawa inapotoka) mara nyingi huwa na mkia mfupi, ila bei yake inauma zaidi.

Tahadhari moja: kidonge chenye metfomini pamoja na glibenklamaidi hakitakutii hapa. Glibenklamaidi inapenda mafuta, itatoka na mkondo wa kwanza bila kushikwa. Ipime peke yake kwenye C18.

Usitumie kolamu ya zamani ya silika ambayo hujui ilipitishiwa nini. Nunua mpya, iandike tarehe.

Hatua ya 3: Tengeneza kibebaji

Kibebaji ni kile kimiminika ambacho pampu inakisukuma kupita kwenye kolamu.

Pima gramu 2.52 za amoniamu fomati, yeyusha katika lita moja ya maji safi ya HPLC. Umepata milimola 40. Chumvi hii inavuta unyevu vibaya sana. Katika hewa ya Dar es Salaam au Mombasa, kopo lililoachwa wazi asubuhi linakuwa uji kabla ya swala ya adhuhuri, na mizani yako itakuwa inapima maji. Liweke kwenye chombo cha kukaushia na upime haraka.

Rekebisha pH iwe 3.2 kwa asidi ya fomiki, tone kwa tone. Pima pH hapa, kabla ya kuongeza asetonitraili. Ukipima baadaye namba utakayoiona haina maana ileile, na mwenzako akirudia kazi hataipata. Chuja kwa chujio la mikromita 0.45.

Sasa pima mililita 750 za asetonitraili kwenye silinda yake, na mililita 250 za bafa kwenye silinda nyingine, halafu changanya. Usijaze bafa juu ya asetonitraili hadi alama ya lita moja: vimiminika hivi vikikutana ujazo hupungua kidogo, nawe utakuwa umeongeza maji bila kujua. Chupa itapoa mkononi, ni kawaida. Iache irudi kwenye joto la chumba ndipo uitoe hewa.

Chumvi ya fosfeti usiilete karibu. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii nilifikiri bafa ni bafa. Nikachanganya fosfeti ya potasiamu na asetonitraili ya asilimia 80 kupitia vali ya mashine, mistari miwili tofauti, kwa hiyo sikuona chochote chupani. Baada ya dakika kumi shinikizo likaanza kupanda, mara kengele, mara pampu ikasimama. Fundi alipoifungua, valvu ndogo za pampu zilikuwa zimejaa fuwele nyeupe kama chumvi ya mezani. Fosfeti haiyeyuki kwenye asetonitraili nyingi. Fomati na asetati za amoniamu zinayeyuka, kwa hiyo baki nazo. Kama mashine yako ilikuwa na fosfeti jana, pitisha maji matupu kwenye mistari yote kabla ya kuleta asetonitraili.

Hatua ya 4: Tuliza kolamu

Utando wa maji hauji papo hapo. Kolamu ya milimita 150 kwa 4.6 ina nafasi ya ndani ya takribani mililita 1.6. Ikiwa mpya, pitisha angalau mara hamsini ya ujazo huo, yaani mililita 80. Kwa mililita 1 kwa dakika ni saa moja na dakika ishirini. Ikiwa ilishatumika na kibebaji hikihiki, mililita 30 hadi 40 zinatosha.

Umeme ukikatika katikati ya mfululizo, usiendelee pale ulipoishia kana kwamba hakuna kilichotokea. Joto la kolamu limeshuka. Tuliza upya kwa nusu saa, rudia stendadi, linganisha muda wa kutoka na ule wa kabla ya kukatika, ndipo uendelee.

Hatua ya 5: Andaa sampuli, na hapa nenda taratibu

Mazungumzo haya nimeyasikia zaidi ya mara moja:

"Kaka, kilele changu kimepasuka. Kimekuwa viwili."

"Umeyeyushia nini?"

"Maji. Si inayeyuka vizuri kwenye maji?"

Inayeyuka, ndiyo. Metfomini haidrokloridi inapenda maji na kwenye asetonitraili tupu inagoma. Ila ukiiingiza kwenye kolamu ikiwa ndani ya maji, yale maji yanaisukuma mbele kabla haijashikwa. Sehemu inakimbia, sehemu inabaki, kilele kinapasuka au kinakuwa kinene kama mkate. Ukiiyeyushia asetonitraili nyingi mno nayo itajitenga na kukaa chini ya chupa, upate matokeo ya chini usijue kwa nini.

Dawa yake ni kuyeyusha mara mbili.

Stendadi: pima takribani miligramu 100 za stendadi ya metfomini haidrokloridi, weka kwenye chupa ya kipimo ya mililita 100, yeyusha kwa maji, jaza hadi alama. Chukua mililita 5 za myeyusho huu, weka kwenye chupa nyingine ya mililita 100, jaza kwa mchanganyiko wa asetonitraili na maji wa 80 kwa 20. Fanya hesabu ya maji uone: mililita 5 za mwanzo, ongeza moja ya tano ya 95, ambayo ni 19. Jumla 24 kati ya 100. Kibebaji chako kina 25. Sampuli na kibebaji sasa wanafanana, kolamu haishtuki. Dawa iliyomo ni takribani mikrogramu 50 kwa mililita.

Vidonge: pima vidonge 20 pamoja, pata wastani wa uzito, visage viwe unga laini. Pima unga wenye takribani miligramu 100 za dawa, weka kwenye chupa ya mililita 100, ongeza maji mililita 70, tikisa dakika 15, kisha dakika 10 kwenye beseni la mawimbi ya sauti. Jaza hadi alama kwa maji, chuja, mwaga mililita chache za kwanza. Kisha mililita 5 kwenda 100 kama ulivyofanya kwa stendadi.

Subiri, usiweke bado kwenye mashine. Vidonge vina povidoni, wanga, pengine haipromelosi. Vilivyoyeyuka vizuri kwenye maji vinaweza kuganda asetonitraili inapoingia. Inua chupa kwenye mwanga: ukiona ukungu hata mdogo, acha itulie dakika 15, kisha chuja tena au izungushe kwenye sentrifyuji. Mimi nachuja mara ya pili bila kujali nimeona nini. Vidonge vya kuachia dawa polepole ndivyo vyenye usumbufu zaidi. Vina haipromelosi nyingi inayofanya utelezi kama bamia, kwa hiyo vipe muda mrefu wa kutikiswa na uhakikishe maji ya beseni hayapati moto, kwa kuwa haipromelosi huganda ikipashwa.

Kuhusu chujio: tumia la nailoni au la PTFE linalokubali maji. La selulosi nitreti linayeyuka kwenye asetonitraili. Mara moja, kwa kila aina mpya ya chujio, pima stendadi iliyochujwa na isiyochujwa. Zikitofautiana zaidi ya asilimia 1 au 2, chujio linakula dawa.

Hatua ya 6: Washa na urekebishe

Anzia hapa: mkondo mililita 1.0 kwa dakika, kolamu nyuzi 35, ditekta nanomita 233, sampuli mikrolita 5. Nimesema 35 kwa makusudi. Oveni nyingi za kolamu zinajua kupasha tu, hazijui kupoza, na chumba kikiwa na nyuzi 31 kwa sababu kiyoyozi kimezimwa, kuiweka 30 ni kujidanganya. Ukitaka kuona sayanoguanidini pia, shusha ditekta hadi nanomita 218.

Kiosheo cha sindano kiwe kama kibebaji, asetonitraili na maji 75 kwa 25. Si maji matupu.

Vitu visivyoshikwa vinatoka karibu dakika 1.6. Sayanoguanidini haina chaji, itatangulia. Metfomini itafuata baadaye, na lengo lako ni itoke kati ya dakika 5 na 10. Silika haifanani kutoka kiwanda hadi kiwanda, kwa hiyo usishangae ukilazimika kurekebisha. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, tuliza, ndipo uhukumu.

Ikitoka mapema mno, ongeza asetonitraili kwa asilimia 5. Hapo mkono wa mtu wa C18 hutaka kufanya kinyume, uzuie. Na kumbuka kubadilisha pia mchanganyiko wa kuyeyushia sampuli ili ufanane na kibebaji kipya.

Ikichelewa mno au ikiwa na mkia mrefu, tatizo kwa kawaida si maji bali chumvi. Juu ya silika kuna sehemu zenye chaji hasi, na metfomini yenye chaji chanya inazing'ang'ania. Amoniamu ndiyo inayogombea nafasi hizo. Pandisha bafa kutoka milimola 40 hadi 80, gramu 5.04 kwa lita, utaona kilele kinasogea mbele na mkia unafupika kwa mara moja. Hii ndiyo mizani halisi ya njia hii: kazi ya kudhibiti muda wa kutoka, ambayo heptanisulfoneti ilikuwa inaifanya kwa kujibandika kwenye kolamu, hapa inafanywa na chumvi ya kawaida inayopita na kwenda zake.

Kilele kikipasuka, rudi Hatua ya 5. Muda ukiwa unateleza kidogo kidogo kila sindano, kolamu haijatulia, au chupa ya kibebaji iko wazi na asetonitraili inapepea.

Hatua ya 7: Thibitisha, kisha hesabu

Kabla ya sampuli, ingiza stendadi mara 5. Mtawanyiko wa eneo la kilele usizidi asilimia 2.0, ingawa mashine iliyotunzwa inatoa chini ya 1.0 bila shida, ikinipa 1.8 naanza kutafuta uvujaji. Mkia usizidi 2.0. Ingiza pia mchanganyiko mtupu wa kuyeyushia, na viambato vya kidonge bila dawa kama unaweza kuvipata, uone kama kuna kinachotokeza mahali pa metfomini.

Kwa kuwa hii si njia ya farmakopia, lazima uihakiki kikamilifu kabla ya kuitolea cheti. Mwongozo ni Q2(R2) wa ICH, baraza la kimataifa la kuoanisha kanuni za dawa, marekebisho ya pili ya mwaka 2023: viwango visivyopungua 5 kwa mnyoofu, vipimo 9 katika viwango 3 kwa usahihi, na uthibitisho kwamba dawa iliyoharibiwa kwa asidi, alkali, peroksaidi na joto haifichi kitu chini ya kilele.

Hesabu, kwa mfano niliojitungia. Stendadi ulipima miligramu 100.4, usafi asilimia 99.8, kwa hiyo dawa halisi ni 100.2. Wastani wa kidonge ni gramu 0.5840. Unga ulipima gramu 0.1170, ambao kwa mujibu wa lebo una 0.1170 ÷ 0.5840 × 500 = miligramu 100.17. Eneo la stendadi 2,512,400, la sampuli 2,487,300. Kwa kuwa zote zilipitia chupa zilezile na pipeti zilezile, upunguzaji unafutana:

2,487,300 ÷ 2,512,400 × 100.2 = miligramu 99.2

99.2 ÷ 100.17 × 100 = asilimia 99.0 ya lebo

Kikomo cha vidonge hivi ni asilimia 95.0 hadi 105.0. Vimepita.

Hatua ya 8: Osha na uhifadhi

Usizime mashine ikiwa na chumvi. Pitisha asetonitraili na maji, nusu kwa nusu, mililita 30, kisha asetonitraili 90 kwa maji 10, mililita 20, na uifunge kolamu pande zote mbili. Ikikauka ndani, utando wa maji unaondoka na utalipa saa nyingine ya kuituliza.

Mabaki ya asetonitraili yaende kwenye dumu lenye lebo, si kwenye sinki.

Kisha chukua utepe na kalamu ya wino usiofutika, bandika kwenye kolamu: HILIC TU. HAKUNA FOSFETI. HAKUNA VIOANISHI. Andika na jina lako, ili atakayetaka kuiazima Ijumaa jioni aanze kwa kukuuliza.